Wasomaji Wauliza: X ya "X-mas" ni ya nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa kwaya katika kanisa moja hapa Mwanga, Kigoma. Desemba iliyopita wanakwaya tulichanga fedha, tukanunua kitambaa cheupe cha mita nne, tukampelekea mchoraji wa vibao atuandikie maneno ya kupamba ukuta ulio nyuma ya kwaya. Alituandikia HERI YA X-MAS kwa rangi nyekundu, akaweka na nyota mwishoni. Jumamosi jioni tulipolitundika bango hilo, mzee mmoja wa kanisa, ambaye alifundisha hisabati kwa miaka mingi, aliagiza literemshwe. Alisema kwamba tangu ashike chaki, x ni kitu kisichojulikana ambacho mwanafunzi huambiwa akitafute, na kwamba kanisa haliwezi kutundika mbele ya waumini maneno yanayosema Kristo hajulikani. Mchoraji naye, alipofuatwa arekebishe, alijibu kwamba X ni msalaba ulioinamishwa, na kwamba hata Wazungu wenyewe ndivyo wanavyoandika. Kitambaa kimekunjwa stoo hadi leo na kwaya imegawanyika pande mbili. Je, X hiyo maana yake ni nini, nani aliyeiweka pale, na je, ni makosa kuitumia?
Katibu wa kwaya, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu Katibu, mzee wenu na mchoraji wenu wote wawili wamekosea kuhusu mahali ilikotoka X hiyo, ingawa mzee, kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuitaja, alikuwa na haki ya kutaka bango liandikwe upya. Nitaanza na asili, kisha nitarudi kwenye kitambaa chenu.

X iliyo mwanzoni mwa Xmas si ile eksi tunayoisoma katika alfabeti ya Kiingereza. Ni herufi ya Kigiriki iitwayo khi, ambayo kwa macho haina tofauti na X, lakini kwa sauti ni herufi nyingine kabisa. Katika Kigiriki cha leo hutamkwa karibu sana na ile kh ambayo wazee wa Ujiji huisikilizisha vizuri wanaposema "kheri" au "Khamisi". Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na katika lugha hiyo jina Kristo huandikwa ΧΡΙΣΤΟΣ, yaani Khristos, maana yake mpakwa mafuta. Ni tafsiri ya neno la Kiebrania ambalo sisi tunalijua kama Masihi, na ndiyo maana katika Yohana 1:41 Andrea anamwambia ndugu yake Simoni kwamba wamemwona Masihi, kisha mwandishi anaongeza papo hapo kuwa maana yake ni Kristo. Kwa hiyo X ni herufi ya kwanza ya jina la Kristo mwenyewe. Haikuwekwa ili kuliziba jina. Ni jina lenyewe lililokatwa likabaki kichwa chake. Sehemu ya pili, mas, ni neno la Kiingereza la Misa, na jina zima la Kiingereza, Christmas, tangu karne ya 11 lilimaanisha Misa ya Kristo. Nimewahi kuona watu wa madhehebu yasiyoadhimisha Misa wakiikataa X kwa ukali, ilhali hiyo "Misa" inayoifuata huitamka kila Desemba pasipo kuuliza.

Kulifupisha jina la Kristo hakukuanzishwa na wauza maduka. Waandishi wa Kikristo walionakili Maandiko kwa mkono katika karne za mwanzo walikuwa na desturi ambayo ukiiona kwa macho hutaisahau. Ukiufungua ukurasa wa Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa katika karne ya 4 ikaja kujulikana kwa jina la Mlima Sinai, ambayo sehemu yake kubwa sasa imehifadhiwa London, utaona safu za herufi zilizobanana bila nafasi kati ya neno na neno, na humo, hapa na pale, herufi mbili zilizochorewa mstari mfupi juu yake. Herufi hizo mbili, X na nyingine yenye umbo la C ambayo ndiyo s yao, ni ya kwanza na ya mwisho ya jina Kristo. Yesu, Bwana na Mungu waliandikwa kwa namna hiyo hiyo. Mtu anaweza kudhani kwamba walikuwa wakibana matumizi ya ngozi, kwa maana ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali. Lakini katika ukurasa huo huo maneno marefu ya kawaida yameandikwa kwa ukamilifu, na yaliyofupishwa ni yale matakatifu. Mstari ule wa juu ulimwambia msomaji kwamba hapa pana jina la kuheshimiwa. Mimi huuona kama kuvua viatu mlangoni: kinachoondolewa huondolewa kwa heshima. Na mazoea hayo yamedumu, kwa kuwa picha takatifu za Waorthodoksi mpaka leo huandikwa IC upande mmoja wa kichwa cha Yesu na XC upande wa pili.

Khi hiyo hiyo ndiyo iliyounganishwa na herufi ya pili ya jina, ρ, ambayo ina umbo la P ingawa husomwa r, ikawa ile alama ya P iliyopitiwa na X ambayo wengi wetu tumeiona kwenye mavazi ya mapadre, vitambaa vya altare na mishumaa ya Pasaka. Alama hiyo hunasibishwa na Kaisari Konstantino na vita vya Daraja la Milvio vya mwaka 312. Wapo waumini wanaoiita PX, na sioni ajabu, maana macho yetu yamefundishwa alfabeti moja tu.

Kutoka kwa Wagiriki mazoea hayo yaliingia kwa waandishi wa Kilatini, na kutoka Kilatini yakafika Uingereza, ambako watawa na makarani, hata kabla ya mwaka 1200, waliandika jina la sikukuu hii wakianzia na X badala ya Crist. Umbo linalokaribia Xmas ya leo linaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 16. Tukumbuke kwamba hao walioandika hivyo walikuwa watu wa kanisa waliosoma Kilatini. Malalamiko yalikuja kupata nguvu baadaye sana, hasa katika karne ya 20, wakati neno hilo lilipojaa kwenye matangazo ya maduka ya Uingereza na Marekani mbele ya watu wasioijua khi, nao wakaona kama kwamba mfanyabiashara amemfuta Kristo ili abaki na bidhaa zake. Hisia hiyo naielewa, na sidhani inafaa kuchekwa, lakini historia haiiungi mkono.

Sasa niwarudie wazee wetu wawili. Ile x ya hisabati ambayo mzee aliifundisha ilizoeleka kwa sababu ya René Descartes, Mfaransa aliyeitumia pamoja na y na z kwa ajili ya viwango visivyojulikana katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637. Wakati huo khi ya Kristo ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa zaidi ya miaka 1,400. Haya ni majina sawa ya koo tofauti. Mchoraji naye amechanganya X hii na msalaba wa Mtakatifu Andrea, ambao kweli huchorwa kwa umbo la X, lakini hauhusiani na sikukuu ya tarehe 25 Desemba.

Hata hivyo, jambo linalonifanya nisimlaumu mzee ni kwamba yeye aliisoma X kama Mtanzania anavyoisoma. Katika daftari la mtoto wa shule, X nyekundu ni kosa. Kwenye ukuta wa nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara, X nyekundu ni habari kwamba nyumba itabomolewa, na mwenye nyumba akiiona hulala macho. Vijana nao wakisema "eksi wangu" wanamtaja mpenzi waliyekwisha kuachana naye. Kisha kwaya yenu ikachukua herufi hiyo, kwa rangi ile ile nyekundu, ikaibandika mahali palipopaswa kuwa na jina la Kristo. Mchoraji angetumia rangi ya bluu huenda ugomvi ungepungua nusu.

Liko jambo zito zaidi ya rangi. Ufupisho hufanya kazi pale ambapo herufi inayobaki inamkumbusha msomaji neno lililokatwa. Tukiandika n.k., kila mmoja anasikia "na kadhalika", tukiandika S.L.P., kila mmoja anaona sanduku la posta. Sasa, Kiswahili sanifu, tangu maandishi yake yaliposanifiwa katika miaka ya 1930, hakina X wala Q katika herufi zake, na jina Kristo kwetu linaanza na K. Kwa hiyo mtoto wa Mwanga au wa Kibirizi anayejua kusoma Kiswahili akiiona X-MAS hana njia yoyote ya kumfikia Kristo kwa kufuata herufi. Inambidi akariri, au aende Uingereza akapitie Roma mpaka Ugiriki. Ufupisho unaomtaka msomaji asafiri hivyo haujafupisha kitu.

Na tunao ufupisho wetu ambao haujawahi kuleta ugomvi. Tunapoandika katika vitabu vya historia kwamba Julius Caesar aliuawa mwaka 44 K.K., hiyo K ya pili ni Kristo, imekatwa ikabaki herufi moja, nami sijasikia mzee wa kanisa aliyeagiza kitabu cha historia kiondolewe darasani. Hapo ndipo ninapoona kwamba kinachoudhi si kukatwa kwa jina bali ni ugeni wa herufi iliyobaki. Wala Wakristo si peke yao katika kulipima suala hili: Waislamu, ambao ni wengi hapo jirani yenu Ujiji, hufupisha S.A.W. baada ya jina la Mtume, na katika wanazuoni wa kale wa hadithi walikuwapo waliowahimiza waandishi wasiifupishe sala hiyo, bali waiandike yote hata ikijirudia mara nyingi katika ukurasa mmoja.

Basi ushauri wangu kuhusu kitambaa ni huu. Kutumia Xmas si dhambi wala si matusi, na aliyeiandika kwenye kadi au kwenye ujumbe wa simu asisumbuliwe. Katika maandishi rasmi hata ya Kiingereza, miongozo mingi ya uandishi hushauri jina liandikwe kwa ukamilifu, na pale ufupisho unapotumiwa huandikwa Xmas, bila kistari, bila nukta. Lakini katika bango la Kiswahili la kanisani sioni faida yake. Kama mchoraji alitumia X ili maneno yaenee kwenye mita nne, mwambieni ahesabu pamoja nanyi: X-MAS, ukiweka na kile kistari chake, inakula nafasi tano, NOELI nayo ina herufi tano. Angeandika HERI YA NOELI, asingehitaji hata kupunguza ukubwa wa herufi, na kitambaa kisingelala stoo. Kwa kuwa kitambaa ni cheupe na rangi imekwisha kukauka, msijaribu kuipaka juu rangi nyeupe, itaonekana kiraka. Kipindueni mwandike upande wa pili, kama rangi haikupenya.

SWALI: Mhariri, hapa Tabora wengine wetu husema Noeli na wengine Krismasi. Jirani yangu anadai kwamba Noeli ni ya Wakatoliki na Krismasi ni ya Waprotestanti. Je, ni sikukuu mbili? Tena, zile herufi IHS kwenye mlango wa tabenakulo, ambazo H yake hakuna anayeweza kunieleza, nazo ni ufupisho wa namna hii?
Msomaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Sikukuu ni moja. Jirani yako hajakosea sana, ila ameigawa kwa dini wakati mgawanyo wenyewe ulikuwa wa lugha. Mababa Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwezi Januari 1879, na wengi wao walikuwa Wafaransa. Kwa Kifaransa sikukuu hii ni Noël, neno lililotokana na la Kilatini lenye maana ya kuzaliwa. Wamisionari wa Kiingereza wa London walikuwa wamekwisha kufika Ujiji mwaka 1878, na kwao jina lilikuwa Christmas. Basi kila mtu alipokea jina kutoka kwa aliyemfundisha katekisimu. Upande wa Kigoma Noeli ilipata nguvu zaidi kwa sababu ya ujirani na Burundi na Kongo, ambako lugha ya ofisini ilikuwa Kifaransa, na mtu anayeuza dagaa na migebuka kwa wateja wa ng'ambo ya ziwa hulisikia jina hilo hata kama yeye si Mkatoliki. Mimi hupenda Noeli kwa sababu inasema jambo linaloadhimishwa, yaani kuzaliwa, wakati Krismasi inasema ibada inayoliadhimisha. Lakini hayo ni mapenzi yangu, wala sikusudii kumsahihisha yeyote.

Kuhusu IHS, naam, ni ndugu wa X. Ni herufi tatu za kwanza za jina Yesu kwa Kigiriki, ΙΗΣΟΥΣ. Hiyo H inayokusumbua si H kabisa bali ni irabu yao iitwayo eta, na katika jina la Yesu inakaa pale ambapo sisi tunaweka e. Waandishi wa Kilatini waliipokea kwa macho bila kuipokea kwa sauti, kisha watu wakaitafutia maelezo, wakasema kila herufi ni neno la Kilatini na yote pamoja ni "Yesu Mwokozi wa Watu". Maelezo hayo ni mazuri kwa ibada lakini yalikuja baada ya herufi. Mambo yamekuwa kinyume kwa INRI iliyo juu ya msalaba, ambayo kweli ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kilatini, "Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi", kama yalivyo katika Yohana 19:19. Na samaki naye ni ufupisho: herufi tano za neno la Kigiriki la samaki ni herufi za mwanzo za maneno "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi". Huko Kigoma, lakini, ukimchora samaki nyuma ya gari lako, jiandae kuulizwa bei ya migebuka.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Urambo. Wanafunzi wangu huandika Xmas, X-mas, X'mass, Krismas na Kirismasi, na wakisoma kwa sauti husema "eksimasi". Nisahihishe lipi?
Mwalimu, Urambo

JIBU: Katika insha ya Kiswahili, sahihisha yote matano, Mwalimu. Neno ni Krismasi, lenye herufi kubwa mwanzoni kwa kuwa ni jina la sikukuu na irabu i mwishoni, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno limalizike kwa konsonanti, na kwa sababu hiyo hiyo mtoto anayeandika Kirismasi ana sikio zuri, ameongeza irabu pale alipoona konsonanti zimegongana, ila kamusi zimekubali kri kama zilivyoikubali katika Kristo na Mkristo. X'mass yenye s mbili si sahihi hata kwa Kiingereza, wala kituo kile cha juu hakihitajiki, kwa kuwa X yenyewe ndiyo inayosimama mahali pa jina zima. Katika somo la Kiingereza, Xmas iliyoandikwa bila alama yoyote inafaa kwenye kadi kwa rafiki na haifai kwenye barua rasmi. Kuhusu matamshi, mwanafunzi akikutana nayo katika maandishi ya Kiswahili aisome Krismasi, kama vile anavyokutana na Bw. akasoma Bwana bila kutaja herufi moja moja. Na kwa upatanisho wa kisarufi neno hili linafuata ngeli ya I-ZI: Krismasi imefika, Krismasi hii, Krismasi zilizopita. Mwanafunzi akiandika "Krismasi amefika" mrekebishe kwa upole, huenda alikuwa akimfikiria anayezaliwa.